Vigezo na Masharti Kuzingatiwa: Namna ya Kupata Simu Janja ya Punguzo Ukiwa Bariadi

Kama umeuza pamba, umelipwa, na ikifika jioni fedha bado iko mfukoni, una tatizo kubwa, na mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yako. Dawa ya tatizo hilo iko mjini Bariadi, chini ya mwavuli wenye rangi za kampuni, mbele ya spika inayotangaza punguzo tangu saa mbili asubuhi. Utaisikia kabla hujaiona. Mwishoni mwa tangazo sauti itaongeza kasi ghafla na kutamka yale maneno ambayo kila Mtanzania anayajua kwa moyo ingawa hajawahi kuyasikia vizuri: vigezo na masharti kuzingatiwa.

Mwongozo huu unahusu maneno hayo manne. Ushauri uliomo umeshafuatwa na watu wazima wenye akili timamu, wa Maswa, Meatu, Itilima, Busega na hapa hapa Bariadi. Ukitaka ushahidi wapigie simu. Wengi utawapata kwenye kitochi.

Hatua ya kwanza ni kufika pale mwavulini bila kujua bei ya simu unayoitaka. Mtu aliyepita kwanza kwenye duka la kawaida, akauliza bei ya taslimu ya simu ile ile, akaiandika kwenye kipande cha karatasi, ameharibu shughuli yote. Wewe fika mkono mtupu.

"Mwangaluka, baba. Karibu simu, ofa inaisha leo."

"Mwangaluka, binti yangu. Hii shilingi ngapi?"

"Kianzio elfu sitini tu, baba. Halafu kwa siku unalipa elfu moja na mia tano. Hela ya soda mbili."

Umeuliza bei, umejibiwa soda. Usirudie swali, utaonekana huna hela. Na usihangaike na ile habari ya ofa kuisha leo. Inaisha leo kila siku, hata kesho ukirudi utaikuta inaisha.

Wako watu wabishi wanaotembea na kalamu. Hao watakwambia hivi: tuseme simu hiyo dukani inauzwa 380,000 taslimu. (Bei hizi ni za mfano, maana kila duka lina zake, lakini hesabu ni ile ile popote.) Siku 365 mara 1,500 ni 547,500. Ongeza kianzio cha 60,000, unapata 607,500. Toa bei ya dukani, kinabaki 227,500. Hiyo ndiyo gharama ya kutolipa kwa mkupuo. Pale mwavulini hutasikia mtu akiiita riba, kwa sababu riba inasemwa vibaya msikitini na kanisani. Pale inaitwa nafuu.

Ukipenda kupima kwa kilo, chukua bei elekezi ya pamba ya msimu wa 2019, shilingi 1,200. Ile 227,500 ni karibu kilo 190 za pamba mbegu. Ekari ya mkulima wa kawaida Simiyu hutoa kilo 200 hadi 300. Maana yake umelima, umepalilia, umepulizia dawa na kuchuma karibu ekari nzima kwa ajili ya nafuu peke yake. Simu yenyewe ina ekari zake nyingine.

Hapo ndipo ninapomshangaa mkulima wetu. Mtu huyu huyu amelalamikia mizani ya rula kwa miaka mingi. Akifika kwenye kituo cha chama chake cha ushirika, AMCOS, anasimama kando ya mizani na kuinama kuangalia mshale kama daktari anayesoma kipimo. Akiambiwa kilo zimepungua mbili, kikao kinaitishwa. Karani akitaka kuiita pamba yake fifi wakati yeye anajua ni safi, siku hiyo hakuna kazi nyingine itakayofanyika pale. Kisha anavuka barabara, anapewa karatasi tano zilizoandikwa kwa herufi za ukubwa wa sisimizi, anauliza tu, "Nisaini wapi?"

Benki Kuu, kwa taarifa ya hao wabishi wenye kalamu, imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa watoa mikopo midogo wa daraja la pili. Katika mfano wetu ulichobakiza baada ya kianzio ni 320,000. Asilimia 3.5 ya hiyo kwa miezi 12, hata ukiitoza kwenye deni zima bila kujali ulichokwisha kulipa, ni 134,400. Ya mwavulini ni 227,500. Ukiuliza tofauti inatoka wapi utajibiwa kwa upole kwamba wewe hujakopa, umenunua kwa kulipa kidogo kidogo. Ni jibu zuri. Kubali, uendelee na hatua inayofuata.

Na usijione mjinga kwa kupewa punguzo usilione. Hata Serikali yamewahi kuikuta. Katika bajeti ya 2021/22 iliondoa VAT ya asilimia 18 kwenye simu janja, vishikwambi na modemu, ili watu wengi zaidi waingie kwenye intaneti. Mwaka uliofuata ikairudisha, kwa maelezo kwamba msamaha ule haukuwanufaisha waliolengwa. Asilimia 18 nzima zilitoka bandarini Dar es Salaam zikiwa na afya njema, zikapotea mahali fulani kabla ya Mwigumbi. Bariadi hazikufika.

Hatua ya pili ni kusaini mwezi wa Julai.

Hapa naomba utulie, maana ndipo penye utamu. Julai ni mwezi mzuri kuliko yote kwa kusaini kwa sababu ndio mwezi ambao kila kitu kinaonekana kinawezekana. Msimu wa ununuzi umefunguliwa tangu Mei, magunia yanapungua uani, mkeo anaimba jikoni, shemeji amekuja kusalimia. Elfu moja na mia tano kwa siku? Hiyo hata mtoto analipa.

Mkataba wa simu umeandikwa na mtu wa mjini anayelipwa kila mwisho wa mwezi na kula kila siku. Kwa yeye mwaka una siku 365 zinazofanana. Mwaka wa Simiyu una vipande viwili: kipande cha kuuza na kipande cha kusubiri. Pamba inapandwa Novemba na Desemba, inapaliliwa Januari na Februari, inapuliziwa dawa, inaombewa mvua, kisha inaombewa jua, na fedha yake haionekani mpaka Mei au Juni. Kati ya hapo kuna kuku wawili watatu, kuna choroko na dengu kwa waliojaliwa, kuna mbuzi anayeuzwa mnadani kwa aibu. Hakuna soda mbili za kila siku.

Kwa hiyo mambo yatakwenda hivi. Julai, Agosti na Septemba utalipa kwa wakati, tena kwa majivuno, na utapokea ujumbe wa pongezi ukikuita mteja bora. Oktoba utalipa kwa kuuza kuku. Novemba utakuwa shambani, utachelewa siku tatu, simu itafungwa asubuhi na kufunguliwa jioni. Desemba utalipa kwa siku, kama anayenunua sigara moja moja, ili angalau Krismasi upige picha. Januari, mwezi ambao hata wenye mishahara wanaulaani, watoto watahitaji sare, viatu na madaftari, na kioo chako kitakuwa cheusi chenye maneno mawili ya heshima na namba ya dharura 112. Simu itakaa kwenye kabati la vyombo mpaka Mei. Ikifunguliwa utakuta ujumbe 4,000 wa kundi la kwaya.

Kwa uzuri zaidi, chagua mwaka ambao soko la dunia limeyumba. Msimu wa 2019 bei elekezi ilitangazwa, bei ya dunia ikashuka, wanunuzi wakasita, na wakulima wengi wa Kanda ya Ziwa waliokwisha kupeleka pamba yao wakasubiri malipo kwa miezi. Mkulima anaweza kusubiri, amezoea. Simu haijazoea. Sijaona mkataba wa simu wenye kifungu kinachosema "au mpaka AMCOS watakapolipa."

Tena si kwamba mkopo unaoelewa msimu haujawahi kubuniwa. Kwa miaka mingi mbegu na viuatilifu vya pamba vimemfikia mkulima wakati wa kulima, na gharama yake ikakatwa pamba inapouzwa. Mfumo huo una malalamiko yake, tena mengi, lakini angalau unajua Februari ni Februari. Ungeweza kumuuliza binti wa mwavuli kama kuna mpango wa kulipa fungu kubwa msimu wa mauzo na kidogo sana wakati wa kilimo, au kulipa mapema na kupunguziwa. Lakini ukiuliza hivyo ataita msimamizi, msimamizi atapiga simu Mwanza, na foleni nyuma yako itaanza kuguna. Usijiletee aibu.

Hatua ya tatu na ya nne zimo kwenye ukurasa wa nyuma wa mkataba, ambao hukupewa.

Wakati unausubiri, ni vizuri kufahamu ni kwa nini simu yako ina kufuli, maana wengi hudhani ni uchawi au ni hasira za mtu fulani ofisini. Marekani na Uingereza kampuni ilikuwa inakupa simu kwa bei ya chini kisha inakufunga kwa mkataba wa miezi 24. iPhone ya kwanza ilipoingia sokoni Marekani mwaka 2007, aliyeinunua alisaini miaka miwili na AT&T. Bili inakuja kila mwezi, na usipolipa jina lako linachafuka, hupati mkopo wa nyumba wala wa gari. Huku kwetu karibu wote tunatumia laini za kulipia kabla. Hakuna bili. Nyumba umejenga mwenyewe bila mkopo, jina lako limeshachafuliwa na majirani bure kabisa, na anwani yako ni "ukifika kwenye mashine ya kusaga uliza kwa baba fulani, mwembe wa pili." Barua ya madai itakufikiaje?

Basi wakabuni njia nyingine: rehani iwe simu yenyewe. Njia hiyo ilianzia kwenye taa. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 kampuni kama M-KOPA nchini Kenya zilianza kukopesha mitambo midogo ya sola iliyowekwa kidude cha kuuzima kutoka mbali mteja anapochelewa. Baadaye akili ile ile ikahamia kwenye simu. Julai 2020 Safaricom na Google walianzisha Lipa Mdogo Mdogo huko Kenya, simu ya kulipia shilingi 20 za Kenya kwa siku, na kufuli likiwa ndani ya programu. Samsung nao wana mfumo wao, Knox Guard, unaokaa chini kabisa ya simu ambako kuirudisha kwenye hali ya kiwandani hakuondoi kitu. Leo unaweza kukopa simu bila kuandikisha ng'ombe wala shamba, na hilo, nikiacha utani kidogo, ni jambo zuri. Mjane asiye na hati ya kiwanja anakopesheka kama mwenye ghorofa.

Nisichokipenda ni kwamba dalali wa kufuli hana masikio. Mkopeshaji wa kijijini akikujia Februari unaweza kumketisha, ukampa michembe na chai, mkazungumza. Programu haili michembe.

Sasa turudi kwenye ule ukurasa wa nyuma, ambao nitakueleza kwa ufupi yanayokaa humo kwa kawaida ili usije ukausoma. Humo utakuta simu ikiibwa mnadani Dutwa au ikitumbukia kisimani, rejesho linaendelea, na ripoti ya polisi haifuti deni. Waranti ni ya mwaka mmoja lakini haigusi kioo wala maji, yaani haigusi vitu viwili vinavyoua simu huku kwetu. Fundi wa mtaani akiifungua, hata kama ni kwa kutoa vumbi la pamba, waranti imekufa. Ukirudisha simu kwa kushindwa kulipa, ulichokwisha kulipa hakirudi. Na umekubali kwamba programu ya mkopeshaji isome majina yaliyomo kwenye simu yako.

Hilo la mwisho lina faida yake kwa mtu anayependa ukoo wake uwe na habari zake. Wako wakopeshaji wa mtandaoni, wale ambao wananchi wamewapa jina la kausha damu, ambao ukichelewa humtumia ujumbe mjomba wako, mwalimu wa watoto, katibu wa kanisa na yule uliyewahi kumposa ukakataliwa, wote kwa pamoja. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo ya kidijitali yasiyo na leseni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 nayo ilianza kutumika Mei 2023 na ina tume yake kamili. Kwa hiyo ukitaka kufaidi aibu hii kikamilifu, fanya haraka.

Suala la mtandao halihitaji maelezo mengi. Simu nyingi za punguzo kutoka kampuni ya simu hufungwa zisikubali laini ya kampuni nyingine. Wewe chagua kwa kuangalia rangi ya fulana. Usitoke na kitochi chako hadi kule unakoishi, iwe Nkololo, Lagangabilili au ndani ya Meatu, ukajaribu laini tofauti mahali unapolala ili kuona ipi inashika. Mei 2023 Serikali na kampuni za simu zilitia saini mikataba ya kujenga minara 758 vijijini, na kila mnara una mwenyewe. Ulio karibu nawe unaweza usiwe wa kampuni iliyokufunga. Hapo utapanda kichuguu jioni kama zamani, tofauti ikiwa kwamba sasa unapanda na simu ya laki sita. Tangu Machi 2017 Mtanzania anaruhusiwa kuhama mtandao bila kubadili namba, kwa kutuma neno HAMA kwenda 15080. Namba itahama vizuri. Simu iliyofungwa itabaki ilipo.

Bonasi ya GB ni sehemu ninayoipenda kuliko zote. Utapewa intaneti ya bure kila mwezi kwa miezi sita. Soma vizuri, au tuseme usisome: sehemu yake kubwa huwa ni ya usiku wa manane. Mkulima aliyeamka saa kumi na moja kwenda kupulizia dawa anapewa fursa ya kuangalia filamu saa nane. Ukiiacha, inaisha muda. Ukiitumia, unalala shambani. Vyovyote iwavyo imehesabiwa kwenye punguzo lako, tena kwa bei ya rejareja, ndiyo maana kwenye bango punguzo linaonekana nono.

Bila shaka utafika siku rejesho limegoma. Usiogope, mkopo hutibiwa kwa mkopo. Kuna Songesha, kuna Nivushe, kuna kukopa salio, na zote zinapatikana kwenye kitochi kwa kubonyeza nyota na reli. Kopa elfu tano kule ulipe siku tatu huku, ada ya kule itakatwa kabla hujapumua, na ukiweka fedha kesho kununua mafuta ya taa, deni litaila kwanza. Mtaalamu anaweza kwenda hivi wiki tatu bila kugusa shilingi yake kwa mkono. Kikundi cha akiba na mikopo cha mtaani kwenu kingekuuliza maswali ya kukera kama vile unakopa kwa ajili gani. Kiepuke.

Likishindikana hilo, utakumbuka kuwa kuna kijana anayesemekana kufungua simu zote kwa shilingi elfu ishirini, kazi inayoitwa kuflashi. Mpelekee. Wiki ya kwanza simu itafanya kazi, wiki ya pili itajiunga na intaneti, itajikumbuka ni ya nani, na itajifunga tena, safari hii bila hata ile namba ya dharura. Na kama ulitaka kukwepa mkataba wote kwa kununua simu ya bei ya kutupa kutoka kwa mtu anayetembea nayo ndani ya koti, kumbuka usiku wa tarehe 16 Juni 2016, pale Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilipozizima simu bandia nchi nzima. Watu walilala na simu, wakaamka na kioo cha kujitazamia. Wasio na haraka hubonyeza *#06#, wakaituma ile namba ya IMEI kwenda 15090, wakapata majibu kabla hawajatoa hela. Hao si wasomaji wa mwongozo huu.

Lazima nikubali kwamba wapo watu ambao mwongozo huu hauwafai kabisa. Dereva wa bodaboda wa Bariadi mjini anayepata fedha kila siku, ambaye wateja wake humwita kwa WhatsApp, analipa elfu moja na mia tano kila jioni na hasikii uchungu. Simu inajilipa yenyewe ndani ya miezi michache. Mama lishe wa stendi, wakala wa miamala, kinyozi, fundi cherehani wa Lamadi anayepokea picha za mishono kutoka Mwanza, hao wote siku zao zinafanana na siku za mkataba. Kwao ile nafuu ya 227,500 inaweza kuwa nafuu kweli, kwa sababu bila mkopo wangesubiri mwaka mzima bila kifaa cha kazi. Wakiuliza bei ya taslimu, wakaondoka na nakala ya mkataba wa Kiswahili, wakahakikisha nani anabeba hasara simu ikiibwa, wamemaliza. Mkulima wa pamba ndiye anayetakiwa afuate mwongozo hatua kwa hatua, hasa asiye na chanzo kingine cha fedha kuanzia Oktoba hadi Aprili. Mwingine yeyote angemshauri anunue taslimu Julai, simu ndogo zaidi, hata ya 180,000, isiyo na kufuli wala bonasi, kisha aendelee na maisha. Mimi siwezi kumshauri hivyo. Nitaharibu kazi ya watu wa mwavuli, na wale vijana nao wanalipwa kwa kamisheni, hawana mshahara.

Hatua ya mwisho ni siku ya rejesho la mwisho. Utapata ujumbe wenye nyota na makofi. Furahi, zima simu, nenda zako. Usiingie kwenye mipangilio kuangalia kama programu ya kufuli imeondoka kweli. Usiombe uthibitisho wa maandishi kwamba deni limekwisha, wala usihifadhi jumbe za malipo ya mwaka mzima. Usipige *106# kuona kama kuna laini nyingine zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA siku ile uliyoacha kitambulisho mezani ukaenda kunywa soda. Mambo haya yote hufanyika bure na huchukua dakika chache, ndiyo maana hayana heshima.

Ikitokea simu iliyokwisha kulipiwa imejifunga tena Januari, malalamiko yanaanzia kwa kampuni iliyokuuzia. Isipokujibu, unayapeleka TCRA. Ofisi yao ya Kanda ya Ziwa iko Mwanza. Nauli ya kwenda na kurudi kutoka Bariadi haimo kwenye punguzo.